Nani Ataupalilia Mtini?

Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, makanisani kwetu husikika maneno mawili yanayogongana. Mimbarani kijana anaambiwa asikate tamaa, maana Mungu aliyemwekea ndoto moyoni ataitimiza. Ibada ikiisha, pale nje watu wanaposalimiana, shangazi na mjomba wanamwambia kijana huyohuyo akubali yaishe, atafute kozi nyingine, umri unakwenda. Wote wanasema kwa upendo, na wote wanamtaja Mungu. Kijana anarudi nyumbani hajui ashike lipi.

Nimeupanga ugomvi huu kwa sauti nne. Si watu wa kutafutwa mtaani. Nimewaunda mwenyewe kutokana na ninayoyasikia huku Moshi mwaka hadi mwaka. Yupo Binti, aliyesoma PCB akitaka udaktari. Kemia alipata S, akarisiti, akapata S tena, na S haimfikishi mtu kwenye udaktari. Sasa anaomba arisiti mara nyingine. Yupo Mama yake, mjane mwenye genge la mboga na ndizi. Yupo Mwalimu, mdogo wa marehemu baba yake, aliyestaafu baada ya kufundisha historia sekondari. Na yupo Mwinjilisti wa mtaa wao, aliyekuja kuombea familia akakuta kikao. Mimi nitaingilia pale nitakaposhindwa kunyamaza.

MWINJILISTI: Bwana Yesu asifiwe. Mimi nianze na Yusufu. Maandiko yanamtaja akiwa na miaka 17 anapoota zile ndoto, na ana miaka 30 anaposimama mbele ya Farao. Hesabuni: miaka 13, na ndani yake kuna shimo, utumwa na gereza. Huyu binti yetu amengoja miaka mingapi? Tunataka kumtoa gerezani kabla Farao hajaota!

MWALIMU: Amina, Mwinjilisti. Lakini Yusufu msomeni vizuri. Katika ile miaka 13 ni wapi mmemwona akihangaika ndoto yake itimie? Nyumbani kwa Potifari alisimamia nyumba. Gerezani alihudumia wafungwa. Zile ndoto inaandikwa alizikumbuka siku ndugu zake walipokuja kununua nafaka na kumwinamia. Yaani ndoto ilikuwa inatimia mbele ya macho yake ndipo akaikumbuka. Huyu wetu anaikumbuka asubuhi, mchana na usiku, na sahani ya chakula inapoa mezani.

MWINJILISTI: Alimwomba mnyweshaji wa Farao amkumbuke akitoka. Mtu asiye na ndoto haombi hivyo, Mwalimu.

MWALIMU: Hapo umenipata. Aliomba. Na mnyweshaji akamsahau miaka miwili mizima, Yusufu akaendelea na kazi ya gereza. Sisemi asiombe. Nasema Biblia hiyohiyo ina Daudi. Daudi alitamani kumjengea Bwana nyumba. Wazo jema, la ibada, lisilo na ubinafsi. Nabii Nathani mwenyewe akaanza kwa kumwambia endelea. Usiku uleule Nathani akasahihishwa, ikabidi arudi kumwambia mfalme: si wewe, ni mwanao. Sasa niambie, Mwinjilisti, wewe ambaye kila mwaka unawaambia vijana "endeleeni", umewahi kurudi asubuhi kwa kijana kumwambia umesahihishwa usiku?

MWINJILISTI: Sijawahi. Nasema kweli mbele za Mungu, sijawahi.

Niseme hapa kwamba jibu hilo ni zito kuliko mahubiri mengi niliyoyasikia juu ya ndoto. Nathani alikuwa nabii wa kweli na bado alibariki haraka. Siku hizi tuna semina za vijana ambamo mhubiri mgeni, asiyejua hata tahasusi ya kijana aliye mbele yake, anamtangazia kwamba mwakani atakuwa daktari. Kisha mgeni anapanda gari. Mwinjilisti wa mtaa ndiye anayebaki na kijana mwezi Julai matokeo yakitoka.

MWALIMU: Na kalamu. Tusiache habari ya kalamu. Vijana wanapeleka kalamu za mtihani kanisani zipakwe mafuta. Mimi nimesahihisha mitihani maisha yangu yote. Kalamu haijui kemia.

BINTI: Baba mdogo, samahani, naomba niseme. Mnanijadili kama vile mimi sipo.

MWALIMU: Sema, mwanangu.

BINTI: Kalamu yangu iliombewa. Sijawahi kuwaza kwamba ile kalamu itaandika yenyewe. Wiki ile nilikuwa sijalala siku tatu mfululizo. Mwinjilisti alipoiombea, akaniombea na mimi, nikalala. Hicho ndicho nilichokipata, na kilikuwa kitu kikubwa. Ila kama mnataka kujua nilifelia wapi, si kwenye kalamu. Karatasi ya kwanza na ya pili niliandika nikaridhika. Ya tatu ni ya vitendo. Shuleni bureti zilikuwa chache, tunazunguka meza moja kundi zima. Mmoja anashika bomba, wengine tunanakili namba alizopata. Nilimaliza kidato cha sita nimeshika bureti kwa kuhesabika. Nilivyorisiti ndiyo ikawa mbaya zaidi, maana mtahiniwa wa kujitegemea hana maabara. Unasoma nyumbani, unachora bureti kwenye daftari. Mtihani wa vitendo haufanywi kwa kuchora. Mkono wa kushoto uwe kwenye bomba, wa kulia unazungusha chupa, macho yako chini kwenye rangi. Ikikaribia unaachia tone, unangoja, unaachia lingine. Rangi inageuka kwa tone moja. Mimi mkono ulitetemeka, nikapitiliza. Nikarudia, nikapitiliza tena. Namba zako tatu zisipokaribiana, hesabu zote zinazofuata hazina pa kusimama. Nilijua nimeanguka kabla sijatoka kwenye kile chumba.

MAMA: Hayo hukuniambia.

BINTI: Ningekuambiaje, Mama, na ile ada ulivyoitafuta?

MAMA: Basi na mimi niseme ya kwangu, shemeji, na wewe Mtumishi, mnisikilize. Hili ni daftari langu la kikoba. Huku ni hisa, huku mfuko wa jamii, huku mikopo. Mwaka ule wa kurisiti nilikopa kwa ajili ya tuisheni na ada ya mtihani. Huu mstari wa marejesho tazameni ulivyo mrefu. Wiki nyingine niliuza ndizi zote sikubaki na hela ya kununua za kesho. Sijutii. Nasema tu kwamba siku mtoto akifaulu, kanisani ataitwa mbele atoe ushuhuda, na atasema alivumilia kwa imani. Atasema kweli. Lakini mkopo huu hauna mtu wa kuutolea ushuhuda. Kuna siku niliomba usiku nikasema, Bwana, kama hii ndoto ni yako, mbona anayeilipia ni mimi?

Mwinjilisti hakuwa na aya ya kumjibu, na ningependa wahubiri wetu wote wajifunze kwake. Kuna maswali ambayo aya ikitolewa haraka inakuwa njia ya kumnyamazisha mtu. Mwalimu ndiye aliyejibu, na kwa tabia ya walimu wa historia, alijibu kwa kurudi nyuma miaka zaidi ya 170.

MWALIMU: Shemeji, swali lako ni la zamani. Wanafunzi wangu wote walijua mstari mmoja juu ya Johannes Rebmann: Mzungu wa kwanza kuuona Kilimanjaro, mwaka 1848. Kana kwamba Wachaga walikuwa wakiishi chini ya mlima huu wamefumba macho. Mimi nilikuwa nawaambia, habari yenyewe ya Rebmann haiko mlimani, iko Rabai. Alifika Mombasa mwaka 1846 kumfuata mmisionari mwenzake, Johann Ludwig Krapf. Krapf alikuwa ametangulia miaka miwili, na mwaka uleule wa kufika kwake, 1844, alimzika mkewe Rosine na mtoto wao mchanga. Krapf alikuwa na ndoto kubwa, haina mfano: mnyororo wa vituo vya misheni kutoka Mombasa mpaka Bahari ya Atlantiki. Wakaanzia pale Rabai, vilimani nyuma ya Mombasa.

Rebmann akaja hadi Uchagani, akaiona theluji, akaandika. Taarifa yake ikachapishwa mwaka 1849. Bwana mmoja wa London, William Desborough Cooley, mtaalamu wa ramani za Afrika asiyewahi kukanyaga huku, akaikataa: theluji karibu na ikweta? Haiwezekani. Rebmann alibishiwa mpaka Karl Klaus von der Decken alipofika hapa mwaka 1861 na kuthibitisha. Lakini kubishiwa si kitu. Safari yake ya mwisho ya Uchagani, mwaka 1849, Mangi Mamkinga wa Machame alimmalizia bidhaa zote alizobeba za kumfikisha bara. Ndoto ya kuvuka Afrika ikaishia hapo Machame. Mwaka 1853 Krapf akaondoka, afya imemshinda. Rebmann akabaki. Alikaa pwani miaka 29 bila kurudi Ulaya. Mtoto wake alikufa akiwa mchanga, mkewe Emma akafariki mwaka 1866. Waliobatizwa walikuwa wachache sana. Mmoja wa wale wa mwanzo, Mringe, alikuwa mtu mwenye ulemavu. Mwisho Rebmann akapofuka. Mwaka 1875 ndipo aliporudishwa Ujerumani, akiongozwa na Mkristo wa Rabai, Isaac Nyondo. Mwaka uliofuata akafa. Sasa, Mwinjilisti, kwa kipimo cha mahubiri ya ndoto, mtu huyu alifaulu?

MWINJILISTI: Kwa kipimo cha mahubiri ya ndoto, hapana. Kwa kipimo cha Injili, ndiyo. Alikuwa mwaminifu.

MWALIMU: Neno zuri hilo. Lakini uaminifu nao tusiufanye shuka la kufunikia kila kitu. Miaka 29 ni mingi. Mtu anaweza kuwa mwaminifu kwa kazi, na anaweza kuwa mkaidi tu, na kwa nje wawili hawa wanafanana kabisa.

BINTI: Sasa utawatofautishaje, Baba mdogo?

MWALIMU: Mimi natazama mikono. Mkaidi anarudia lilelile kwa njia ileile. Rebmann njia ya bara ilipofungwa, hakukaa Rabai akingoja Mangi amrudishie bidhaa. Alikaa chini kuandika maneno. Kulikuwa na mtu anaitwa Salimini, aliyetekwa kwao upande wa Ziwa Nyasa akauzwa pwani utumwani. Rebmann akawa anakaa naye, neno baada ya neno, akiandika lugha ya nchi ambayo yeye mwenyewe hakuwahi kuifikia. Ile kamusi ya Kinyasa ilitoka mwaka 1877, Rebmann ameshafariki, na aliyeihariri ni Krapf. Kamusi ya Kiswahili ya Krapf mwenyewe ikatoka mwaka 1882, naye alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Wawili wale walitaka kuivuka Afrika kwa miguu. Hawakuivuka. Waliacha vitabu, na vitabu vikatumiwa na waliokuja baadaye.

MWINJILISTI: Ndiyo kama Daudi! Alipoambiwa hekalu si lake, hakwenda kulala. Alikusanya mierezi, chuma cha misumari, shaba, dhahabu, akamwachia Sulemani. Ukisoma Mambo ya Nyakati unachoka kuhesabu alivyovikusanya. Aliambiwa hapana, na bado akaifanyia kazi ndoto ile mpaka kufa, kwa ajili ya mikono ya mtu mwingine.

MAMA: Shemeji, huyo Salimini.

MWALIMU: Ndiyo, shemeji.

MAMA: Kamusi ile ni ya watu wawili. Mmoja aliondoka kwao kwa hiari yake, akiitwa na Mungu. Mwingine aliondolewa kwao kwa kamba. Tukimsifu wa kwanza kwa uvumilivu, wa pili tumsifu kwa nini? Alikuwa amepoteza kila kitu, na bado alikuwa na subira ya kumfundisha mgeni maneno ya nyumbani kwao. Mimi nikisikia habari hiyo, imani ya kuvumilia naiona kwake kwanza. Halafu huyo Rosine, na huyo Emma. Wao ndoto yao ilikuwa ipi?

Namuunga mkono Mama, na kwa nguvu zangu zote. Habari zetu za uvumilivu huwa tunazipogoa mpaka abaki mtu mmoja: mwenye ndoto na Mungu wake. Krapf na Rebmann walikuwa watu wa imani ya kweli, siwapunguzii. Lakini kazi yao ilibebwa na wake waliozikwa huku, na wenyeji wa Rabai waliowavumilia wageni wasiojua hata kuomba maji kwa lugha ya pale, na mtumwa aliyekuwa na msamiati wa nchi nzima kichwani mwake, na kijana aliyemshika mkono kipofu mpaka ng'ambo ya bahari. Ukimtoa yeyote kati yao, uvumilivu wa Rebmann hauna pa kukanyaga. Nami naona hapa ndipo mahubiri yetu yanapopotoka: tunamhubiria kijana uvumilivu kana kwamba ni sifa ya moyo wake peke yake, akishindwa tunatafuta kasoro moyoni mwake.

MWINJILISTI: Basi nikubali nimeonywa, lakini sijamaliza. Mwalimu umesema natakiwa nimwambie mtu "hapana". Mimi namsoma Luka, naona mtini. Mwenye shamba amekuja miaka mitatu kutafuta matunda, hakuna. Anasema ukatwe, unaharibu ardhi bure. Mtunza shamba anamwombea: bwana, uache mwaka huu nao. Mwaka mmoja! Ndicho ninachokiombea kwa binti huyu. Mwaka mmoja.

MWALIMU: Na usipozaa mwaka huo?

MWINJILISTI: Ndipo ukatwe. Imeandikwa, siwezi kuficha.

MWALIMU: Basi tumekaribiana. Ndoto ya imani nayo ina tarehe. Hata Bwana mwenyewe alisema mtu asianze kujenga mnara kabla ya kukaa chini na kuhesabu gharama, asije akashindwa kuumaliza na watu wakamcheka. Kuhesabu si kukosa imani.

MAMA: Mtumishi, huo mwaka mmoja, mtini ulifanya nini?

MWINJILISTI: Mama?

MAMA: Nauliza mtini wenyewe ulifanya kazi gani mwaka ule. Mimi nimelima. Mti haushiki jembe.

MWINJILISTI: Ni yule mtunza shamba. Alisema ataupalilia pande zote na kuutia samadi.

MAMA: Haya. Mwanangu alikwisha kuachwa mwaka mmoja zaidi. Nani alimtilia samadi? Aliambiwa avumilie, akavumilia. Akaambiwa afunge, akafunga, nikamwona anakonda. Aliyekuja na jembe ni nani? Mimi nina genge tu. Eliya alipochoka akaomba kufa, akajilaza chini ya mretemu, malaika hakumletea mahubiri. Alimletea mkate uliookwa na maji, akamwacha alale, akamwamsha ale tena. Ndipo safari ikaendelea. Hilo mnalijua kuliko mimi.

MWALIMU: Shemeji, umetufunga.

MAMA: Sijawafunga. Nawauliza.

MWALIMU: Basi nijibu kama mwalimu. Samadi ya huyu mtoto ninaijua kwa jina. Ni maabara. Ni mwalimu mmoja wa kemia na bureti moja mkononi mwake, si ya kundi, mara kwa mara mpaka mkono uzoee. Kwa karatasi ya kwanza na ya pili hana tatizo. Kumlipia tuisheni nyingine ya kumfundisha asichofelia ni kutupa hela, na nakiri mimi ndiye niliyesema aache bila kumwuliza alianguka wapi. Na kuna la pili. Vyeti vyake vya kidato cha nne vinamfikisha kwenye stashahada ya utabibu, miaka mitatu. Mara nyingi afisa tabibu ndiye wa kwanza kumwona mgonjwa katika zahanati na vituo vya afya vya vijijini. Akifanya vizuri, njia ya kwenda udaktari kutoka huko ipo. Ni ndefu, lakini ipo. Isitajwe hapa kama adhabu ya aliyefeli.

MWINJILISTI: Binti yangu, tumesema mengi. Wewe unasemaje? Na usiseme la kutufurahisha.

BINTI: Nasema hivi. Kwanza, mnisamehe, sijui kama ndoto hii Mungu ndiye aliyeniwekea. Wengine wanasema walisikia sauti. Mimi nilimuuguza baba hospitalini KCMC, nikaona madaktari wanavyozunguka wodini asubuhi, nikataka. Labda Mungu anasema kwa njia hiyo, labda nilitaka tu. Zamani lilikuwa linanitesa, nikidhani nikifeli ndio uthibitisho kwamba sikuitwa, na nikifaulu ndio uthibitisho kwamba ananipenda. Ukisoma kwa mzigo huo huwezi kusoma. Kila swali unaloshindwa ni kama Mungu anakukana.

Mwaka huu nimekaa sana na jambo moja. Mimi nilibatizwa nikiwa mchanga. Nilikuwa sijui kemia. Sikuwa najua hata kuongea. Jina liliandikwa kwenye kitabu cha usharika kabla sijafaulu wala kufeli kitu chochote, na matokeo yakitoka hakuna atakayekwenda kulifuta. Nikilishika hilo, mkono hautetemeki. Ndiyo imani yangu kwa sasa, sina kubwa zaidi ya hiyo. Kwa hiyo nikipata maabara, narisiti Mei ijayo, mara moja, ya mwisho. Nisipopata maabara, sirisiti, maana nitakuwa nachora bureti kwenye daftari tena na Mama anakopa tena. Nikirisiti nikakosa, naomba utabibu, na sitakwenda huko nikilia. Wagonjwa ni walewale.

MAMA: Na kikobani nitakopa kwa hilo la maabara. Kwa hilo sikatai.

MWINJILISTI: Hapana, Mama. Safari hii acha nilipeleke kwenye baraza la wazee. Sekondari ya kanisa ile pale chini ina maabara, na Jumamosi imefungwa. Nitaomba ufunguo. Wakininyima nitarudi kukwambia wameninyima, sitakuletea aya.

Hapo nawaacha, maana kwa upande wangu hoja imekwisha. Nimewahi kusikia watu wakisema imani inampa mtu uvumilivu kwa kumhakikishia kwamba atafika. Siamini hivyo, na Rebmann haamini hivyo, na Daudi naye. Binti ameisema vizuri kuliko wote: imani inamwondolea mtu hofu kwamba akianguka atakuwa si kitu mbele za Mungu, na aliyeondolewa hofu hiyo anaweza kusoma, kungoja, kubadili njia, na kuacha pia siku ikifika, bila kuvunjika. Hiyo ndiyo nguvu niliyoiona kwa waumini waliodumu. Kile kingine, cha "tangaza nawe utapokea", nimeona kikiwachosha vijana wetu hadi wanaliacha kanisa kabisa.

Lakini Mama amesema lililo karibu nasi zaidi, na nawageukia wahusika. Makanisa yetu yanamiliki sekondari nyingi nchini, na mkoani Kilimanjaro zimejaa, za KKKT, za Wakatoliki na za madhehebu mengine. Nyingi zina maabara, bureti zimepangwa kabatini, na mwishoni mwa wiki kufuli liko mlangoni. Katika mitaa hiyohiyo wapo vijana wanaorisiti sayansi ambao hawajawahi kushika bureti peke yao. Wachungaji, maparoko, wakuu wa shule na kamati zenu: fungueni maabara hizo Jumamosi, na Wasabato wafungue Jumapili. Mwekeni mwalimu mmoja wa kemia, mlipeni posho kutoka kwenye sadaka ya usharika au parokia, tangazeni matangazoni kwamba watahiniwa wa kujitegemea waje, wa dhehebu lolote na wa dini yoyote. Anzeni muhula huu, kwa sababu mtihani ni Mei.